Mimi kazi ninayo, ndugu Mhariri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba vijana wanaokesha wakiangalia video za ngono ni watu waliokosa kazi, na kwamba wakipewa jembe watapona. Mimi kazi ninayo. Nimevua dagaa hapa Igombe miaka kumi na miwili, nina mke na watoto wawili, na kwa karibu miaka sita video hizo zilinitawala.

Kwa wasioijua kazi yetu, dagaa huvuliwa gizani. Tunaweka taa zielee ziwani, zamani karabai, siku hizi za sola, dagaa wanafuata mwanga ndipo tunawazungushia wavu. Mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti, hivyo mitumbwi inapumzika siku kadhaa. Sasa mchukue mtu aliyezoea kukesha, umlaze nyumbani. Usingizi hauji, mama watoto anakoroma, hela za giza lililopita bado zipo mfukoni na bando la usiku ni bei chee. Huko mbalamwezini ndiko nilikoharibikia. Naanza saa nne nikijiambia dakika kumi tu, adhana ya alfajiri inanikuta bado nabonyeza. Nafuta kila kitu, naapa. Kesho yake, yale yale.

Dawa nilinunua. Wale wanaopita sokoni na spika wakiuza unga wa mizizi kwa "walioathirika na punyeto" wamekula hela yangu mara tatu. Unga ule unaharisha. Zaidi ya hapo sikuona kazi yake.

Kilichonisaidia kilianzia chini ya mwembe, tukishona nyavu. Mwenzangu wa mtumbwi mmoja alisema, macho yake yakiwa kwenye sindano: "Kaka, bando langu linaishia kwenye mambo ya ajabu." Wengine walicheka. Mimi sikucheka, naye akaona. Jioni nilimfuata nikamwambia tuko wawili.

Leo tuko watano. Mwezi ukipevuka tunakutana pale pale saa mbili usiku, na simu za kupangusa tunamwachia mzee mmoja mwenye duka hadi asubuhi. Kila mtu anabaki na kiswaswadu, maana sharti letu kubwa ni kumpigia mwenzako kabla hujaanza. Ukipiga baada ya kuanguka tutakusikiliza pia, ila umechelewa. Aliyeanguka anasema nimeanguka, basi, hatuombi masimulizi ya alichokiona.

Mwanzoni tuliweka faini ya shilingi 5,000, kama kwenye kikoba. Ilitushinda. Mwezi wa kwanza sanduku lilijaa, wa pili likawa tupu, tukashangilia, kumbe watu wanadanganya ili wasilipe! Tuliifuta. Badala yake tunaulizana siku ile ilikuwaje kabla hujashika simu. Hapo ndipo nilipojifunza mengi. Mmoja wetu huwa anaanguka akiuza dagaa kwa hasara, mwingine akigombana na kaka yake. Mimi ni ule ukimya wa saa sita usiku, nikiwa peke yangu na macho makavu. Machi mwaka huu uliniangusha tena, na niliposema, hakuna aliyeinua kichwa kutoka kwenye wavu.

Mwenzetu wa tano ni tabibu. Ndiye aliyetueleza kwamba Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeingiza hali ya mtu kushindwa kuidhibiti tabia ya ngono kwa muda mrefu, miezi sita au zaidi, hadi kazi, afya au familia inaumia. Akaongeza kwamba kujisikia vibaya kwa sababu ya dini peke yake hakukufanyi mgonjwa. Wawili kati yetu walishusha pumzi. Mimi nilijiona kwenye yale maneno ya familia.

Mke wangu nilimwambia baada ya miezi minne. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza: "Kwa hiyo miaka yote hiyo nilikuwa nasusiwa kwa ajili ya simu?" Sikuwa na jibu. Bado tunalizungumza, siku nyingine kwa hasira.

Ombi langu ni dogo. Mikutano yetu ya mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, inajadili leseni na ukubwa wa matundu ya nyavu hadi jua linazama. Viongozi watuachie nusu saa, na tabibu aalikwe. Waganga wa spika nao waulizwe wanauza nini.

Na yule msomaji, mwezi mpevu ujao tutakuwa chini ya mwembe. Aje na jembe lake akipenda, chai tutakuwa tumeshabandika.

Mvuvi wa dagaa,
Igombe, Mwanza
(Jina limehifadhiwa)