Kabla ya mapipa ya Lokichar, tuambiwe habari ya maji

Mhariri,

Tangu mafuta yagunduliwe katika kisima cha Ngamia-1 mwezi Machi 2012, sisi wa Turkana tumekuwa tukizungumzia mgao wa mapato: serikali kuu asilimia 75, kaunti 20, jamii 5, kama Sheria ya Petroli ya 2019 inavyosema. Mgao huo una uzito wake, ila maji yanautangulia, na hayo hayazungumzwi.

Mafuta ya bonde la Lokichar yamo ndani ya miamba ya mchanga ulioletwa na mito mamilioni ya miaka iliyopita. Mito ile ilihamahama, ikiacha mchanga hapa na tope pale. Kwa hiyo mchanga wenye mafuta haukutandazwa kama mkeka. Umekatika vipande vipande. Kisima kimoja hukuta tabaka nene, cha jirani kikakuta jembamba, au lililotengwa kabisa na udongo mgumu. Na mafuta yenyewe yako katika maeneo mengi, Ngamia, Amosing, Twiga, Ekales, badala ya hodhi moja kubwa. Tena mafuta haya yana nta nyingi na huganda yakipoa. Yale yaliyosafirishwa kwa malori hadi Mombasa kuanzia 2018 yalihitaji matangi maalumu ya kuhifadhi joto.

Katika miamba ya namna hii shinikizo hushuka kadiri mafuta yanavyotolewa. Ili yaendelee kusukumwa, maji hupigwa chini kupitia visima vingine, mwaka baada ya mwaka. Mpango uliokuwapo ulikusudia kuyavuta kutoka bwawa la Turkwel. Mto Turkwel ndio unaonywesha watu na mifugo yetu mpaka Lodwar na kuendelea hadi Ziwa Turkana!

Nataka mafuta haya yachimbwe. Vijana wetu wamesubiri mno. Lakini wizara, pamoja na kampuni iliyochukua vitalu vya mafuta kutoka kwa kampuni ya Tullow mwaka 2025, watueleze kwa Kiswahili na Kiturkana: watahitaji maji kiasi gani kwa siku? Ukame ukija, nani atapunguziwa kwanza? Maji machafu yanayotoka pamoja na mafuta yatarudishwa chini ya ardhi, au yatamwagwa wapi? Bila hesabu hiyo hakuna mhandisi anayeweza kupanga uchimbaji, basi isifungiwe ofisini Nairobi. Iletwe kwenye mabaraza ya Lokichar, Lokori na Lodwar kabla mitambo ya kuchimba haijarudi.

Mwalimu wa jiografia,
Lodwar