YAH: Mmeturudishia websaiti na mwizi akiwa bado yumo ndani, na hamtaki kusema kachukua nini

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Habari za kazi bosi. Mimi ni katibu wa umoja wa wakazi huku Tabata, wale mnaotushikia websaiti na mfumo wa wanachama, seva yenu, domeni, yani ile anwani ya websaiti, mlisajili nyie, sisi kazi yetu kulipa tu kila mwaka. Meseji za WhatsApp mnasoma tiki zinakuwa bluu basi, simu anapokea dada mmoja mpole sana na jibu lake ni lile lile, "nalifikisha kwa mafundi", ofisini nikija napigwa danadana nirudi wiki ijayo, na kutoka Tabata kwa ile foleni ya Mandela sio mchezo. Kwahiyo nimeamua kuandika.

Kwanza mlitudanganya. Websaiti ilivyoanza kufungua matangazo ya kubeti badala ya matangazo ya vikao vyetu nyie mkaweka kibao kwamba mfumo uko kwenye maboresho, na mimi nikaenda kwenye grupu nikawaambia watu hivyo hivyo, tulieni wanaboresha. Kumbe tumedukuliwa. Tena hatukuambiwa rasmi, fundi wenu ndo alijikuta anasema kwenye simu akiwa anamuelekeza kijana wetu sehemu ya kubonyeza, "hii ilianza walivyoingia wale jamaa". Jamaa gani? Akanyamaza, alafu simu ikakatika, sijui bando sijui nini.

Haya, mkairudisha. Mkaja na furaha kabisa, mfumo uko hewani. Tatizo bakapu, yani nakala ya akiba, mliyotumia ni ya zamani, ya miezi mingi nyuma, ina maana michango yote iliyoingia baada ya hapo haipo, waliolipa wanaonekana wanadaiwa, na waliohama mtaa wamerudi kuwa majirani zetu. Na mfumo wenu ule unatuma vikumbusho vyenyewe usiku bila mtu kugusa. Sasa kuna mzee wetu alifariki, tumemzika, rambirambi tumepeleka wote, kwenye daftari lenu yeye yuko hai na anadaiwa ada. Meseji ikaenda kwenye simu yake ambayo anayo mkewe, "Ndugu mwanachama, unakumbushwa kulipa deni lako." Mama wa watu yuko eda jamani. Alinipigia hakugomba hata kidogo, aliniuliza tu kwa upole mwanangu hivi kuna hela alikuwa anadaiwa mzee hatukujua, na mimi nikakosa pa kuficha uso. Nilivyowaambia nyie mkanijibu ni "changamoto ya kawaida ya bakapu". Kwenu labda. Mtu mwenye akili angezima kwanza hizo meseji za moja kwa moja kabla hajawasha mfumo wenye data za zamani, na hiyo haihitaji digrii.

Alafu matangazo ya kubeti yamerudi. Mana mlichofanya ni sawa na kufua shuka ukalirudisha kwenye kitanda chenye kunguni. Hawa wadukuzi wakiingia hawaibi wakaondoka tu, wanaacha kifaili chao kimejificha kwenye folda ya picha huko, au wanajitengenezea akaunti ya admini, yani msimamizi wa mfumo, yenye jina la kawaida kawaida, na wanaweza kukaa kimya muda mrefu kabla hujaona chochote, kwahiyo hata bakapu yenyewe inaweza kuwa wamo. Kijana wetu kafungua orodha ya maadmini kakuta mmoja hatumjui sisi na nyie mnasema hamumjui, sasa nani anamjua? Mlitakiwa mjue kwanza waliingilia wapi, muzibe, mubadilishe paswedi zote za seva na za databesi, ndo muwashe. Nyie mmewasha tu. Na Google ikatuona, wanachama wakifungua kwa Chrome wanakutana na ukurasa mwekundu wa onyo, na huo hauondoki wenyewe siku hiyo hiyo, lazima mtu asafishe kwanza alafu aombe Google wakague upya. Hilo nalo hamjafanya.

Sasa hili la paswedi ndo limenitoa usingizi. Mwanachama mmoja kabonyeza "nimesahau paswedi" akatumiwa kwenye imeili paswedi yake ile ile ya siku zote, imeandikwa wazi. Sio linki ya kuweka mpya, ni yenyewe! Skrinshoti ninayo. Maana yake mnazihifadhi zilivyo, yani aliyeingia kazibeba zote kama orodha ya mahudhurio. Hili kosa dunia ilishalipia zamani, kampuni ya RockYou ya Marekani mwaka 2009 waliibiwa paswedi zaidi ya milioni 32 zilizohifadhiwa hivyo hivyo wazi, na orodha ile mpaka leo wadukuzi wanaitumia kubahatisha paswedi za watu wengine. Kawaida mfumo unatakiwa uigeuze paswedi kwa njia ambayo hata nyie wenyewe hamuwezi kuisoma. Na wazee wetu huku paswedi ni moja tu, hiyo hiyo ya imeili, hiyo hiyo ya Facebook, na wengine ni mwaka wa kuzaliwa ambao ndo namba ya siri ya M-Pesa pia. Mngesema siku ile ile mlivyojua, watu wangebadilisha jioni hiyo hiyo.

Na humo ndani hakuna paswedi tu, kuna majina matatu, namba za simu, namba za NIDA, namba za nyumba, na jina la ndugu wa karibu. Saivi watu wetu wanapokea zile za "ile hela tuma kwenye namba hii". Najua utapeli huo upo nchi nzima na sisemi zote zimetoka kwenu, lakini tapeli anaempigia mtu anamtaja majina matatu na jina la shemeji yake, huyo kayatoa wapi?

Msidhani hatujui sheria. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, Tume yake ipo, na usalama wa taarifa ukivunjwa Tume inatakiwa ijulishwe bila kuchelewa. Ulaya wanapewa saa 72. Sisi umoja tutaenda kwa upande wetu, ila hatuwezi kueleza kitu ambacho nyie mmekikalia.

Cha ajabu badala ya maelezo mmetuletea ankara ya "kifurushi cha usalama wa ziada". Ziada ya nini wakati ule wa kawaida hatujauona?

Tunachotaka ni hiki. Mtuandikie, barua yenye muhuri sio voisi, lini waliingia, walipitia wapi, wamechukua nini, na sisi tutawasomea wanachama kama ilivyo. Mzime vikumbusho leo. Paswedi zote zifutwe kila mtu aweke mpya. Mtupe nakala nzima ya databesi, hii ya sasa na ile iliyokuwepo siku tunadukuliwa kama hamjaifuta, tuna risiti za michango kwenye daftari la mweka hazina tutajaza wenyewe palipopungua. Na domeni ihamishiwe jina la umoja, mana tumegundua kwenye usajili limeandikwa jina la kampuni yenu.

Ada ya mwaka unaokuja tumeizuia mpaka hayo yatimie. Na yule mama, bosi, mpigie wewe mwenyewe umuombe radhi, namba nitakupa ukiniuliza.

Katibu,
kwa niaba ya wanachama, Tabata.