Barua ya wazi kwa Afisa Elimu: Binti yangu hana mwalimu wa uchumi

Ndugu Afisa Elimu,

Salaam. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua zangu mbili zilipokelewa ofisini kwako, zikagongwa muhuri, zikaishia hapo.

Mimi ni mkulima wa korosho huku mkoani Mtwara. Binti yangu yuko kidato cha sita, tahasusi ya HGE, yaani historia, jiografia na uchumi. Mwalimu wao wa uchumi alihamishwa Agosti. Kwenye kikao cha wazazi ulisimama ukatuahidi kwamba kabla minada ya korosho haijafunguliwa atakuwa amefika mwingine. Minada ilifunguliwa, ikafungwa. Ijumaa iliyopita binti kaja na matokeo ya moko, mtihani wa majaribio: jiografia B, historia C, uchumi F.

Somo hili wanaokwenda kusomea uchumi chuo kikuu hukutana nalo tangu mwaka wa kwanza. Halikaririki. Daftarini kanakili mistari miwili inayokatana, mahitaji na ugavi, hajui kwa nini mmoja unapanda na mwingine unashuka. Usiku ule aliniuliza mimi, niliyeishia darasa la saba, ugavi usionyumbuka ndiyo nini. Nikamwonesha mikorosho. Bei ikipanda leo, kesho sivuni zaidi, maana mche mpya utanisubirisha kama miaka mitatu. Bei ikianguka, korosho niliyokwisha kuokota hairudi mtini. Akaelewa palepale! Akauliza soko la mnunuzi mmoja. Nikamweleza kangomba, mlanguzi wa korosho, anavyokuja na bakuli lake la kupimia miezi ya njaa, mwenye fedha ni yeye peke yake, na bei anapanga yeye. Nikamkumbusha 2018, tulipogomea bei mnadani hadi serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo.

Lakini alipofika kwenye hesabu za gharama ya kilo moja ya ziada na mapato yake, tulikwama wote wawili. Akalia. Mimi nikatoka nje.

Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa 2022, nashukuru. Sasa fedha hiyo, na zaidi, inakwenda twisheni mjini na nauli. Mbuzi wawili wameshauzwa. Nadhani walimu hawakai huku kwa kukosa nyumba. Nadhani pia shule za mbali hukumbukwa mwisho. Kama sababu ni nyingine, tuambie.

Mtihani wa taifa ni Mei. Siombi jengo, siombi maabara. Naomba mwalimu wa uchumi. Awe wa kujitolea, awe wa kuazima shule jirani siku mbili kwa wiki, tutampa chumba na chakula sisi wazazi. Mwalimu mmoja, ndugu Afisa. Uliahidi mbele yetu.

Mzazi, Mtwara