Uwanja wa Gofu wa Wimbledon Si Kiwanja Kitupu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu hoja kwamba wakazi wanaopinga ujenzi kwenye uliokuwa uwanja wa gofu wa Wimbledon Park, kusini-magharibi mwa London, ni matajiri wanaolinda mandhari ya madirisha yao. Mimi sichezi gofu, na nakiri kuwa uwanja ule haukuwa wa kila mtu. Lakini klabu ya tenisi ya All England, inayoandaa mashindano ya Wimbledon, ilipoinunua ardhi hiyo kutoka kwa halmashauri ya mtaa ya Merton mwaka 1993, ilijifunga kisheria kwamba haitajenga kitu kitakachoharibu uwazi wake machoni pa umma. Leo inataka viwanja vipya 39 vya tenisi, kimojawapo cha watazamaji 8,000, ng'ambo tu ya barabara ya Church Road, katikati ya mialoni mikongwe na mandhari iliyosanifiwa na Capability Brown, msanifu mashuhuri wa bustani wa Uingereza, katika karne ya 18.

Halmashauri ya Merton iliukubali mpango huo mwaka 2023, halmashauri jirani ya Wandsworth ikaukataa, na Septemba 2024 mamlaka ya jiji ikauidhinisha. Klabu inaahidi bustani mpya ya umma, na hilo si jambo dogo. Ila anayeomba kulegezewa ahadi ya zamani hana budi kutanguliza ile mpya: bustani hiyo ifunguliwe, na haki ya wananchi kuitumia iandikwe kisheria, kabla ya tingatinga la kwanza kuingia.

Wako,
Msomaji, London