Leseni ya Anko wa simu

Salim ndugu yangu,

Hujambo, na mama hajambo? Mimi mzima alhamdulillah, niko Pune, India, tangu wiki ilopita nafuatilia zile karatasi za chuo. Sasa sikiliza, unamkumbuka Anko wa kibanda cha simu nje ya hosteli, yule mwenye mguu wa polio? Watu wa idara ya simu wamemfutia leseni bwana. Nimekuta kibanda kina kufuli na lile bango la njano la STD ISD PCO, yaani simu za mikoani, za nje na kibanda cha umma, ndo meza ya muuza ndizi.

Kisa ni bili. Aliletewa bili ya miezi miwili mara tano ya kawaida yake, akasema hii si yangu, wakakata laini, halafu leseni nayo ikaenda, na leseni ile alipewa kwa ajili ya mguu wake, maana kwenye vibanda vile walemavu walikuwa wanatangulizwa, hana riziki nyingine yule. Mambo yakapelekwa kwa msuluhishi, yule wa kuamua badala ya mahakama. Anko kaenda na risiti zake zote, zile ndogondogo za mashine alizokuwa anazitunga kwenye waya, mwaka mzima umo mle. Uamuzi nimeuona, kautia kwenye mfuko wa biskuti usilowe. Karatasi moja, mistari minne: mita imepimwa iko sawa, bili ni halali, leseni imefutwa kihalali. Basi. Risiti hazikutajwa hata neno moja! Nimeisoma mara tatu, moyo unaniuma.

Na Sheria yao ya Telegrafu ya 1885, kifungu cha 7B, inasema uamuzi huo ni wa mwisho, hauhojiwi mahakama yoyote, ndo maana Anko alishakata tamaa. Nimempeleka kwa wakili, mama mmoja makini sana, akasema kweli rufaa hamna, lakini Mahakama Kuu ina mamlaka yake ya Katiba ya kukagua uamuzi kama huo, ibara ya 226, alafu Mahakama ya Juu ilishasema mwaka 1996 kwenye kesi ya Jaggi, mteja mmoja wa simu, kwamba kwa vile uamuzi wenyewe ni wa mwisho, msuluhishi lazima aandike sababu. Majaji hawatakaa kumhesabia bili upya, wataangalia alisikilizwa vipi na sababu ziko wapi, wakikuta hamna wanaweza kuurudisha ukaamuliwe upya. Pia wakili atauliza kama kufuta leseni kweli ni mgogoro wa laini na mashine, maana kifungu kinazungumzia hivyo tu. Ila tusikawie, ukikaa kimya sana majaji wanakuuliza ulikuwa wapi.

Salim, wiki ile alofariki babako ulipiga Mombasa siku tatu mfululizo, ile mita ya namba nyekundu inakimbia juu ya simu na mfukoni huna kitu, Anko akaandika kwenye daftari akakwambia ongea mwanangu, utalipa hela zikija. Wakili anataka ya kufungulia faili na kutafsirisha karatasi za Kimarathi. Nusu nimetoa mimi, nusu nakuomba wewe. Nijibu kabla ya Ijumaa, Jumatatu anapeleka.

Nduguyo,
Athumani