Muswada Bado Haujawa Sheria

Area C, Dodoma

Ndugu yangu Chilongani,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mama watoto na wote hapo Mpwapwa. Sisi huku hatujambo, mvua inanyesha vizuri na mahindi ya Yudita yamefika magotini. Mengine tutazungumza tukionana, kwa kuwa ujumbe wako kuhusu muswada wa mifugo umenifanya niache shughuli zote nikuandikie.

Unasema sheria imeshapita kwa sababu Mzee Hamisi aliisikia redioni ikisomwa bungeni. Alichosikia ni Kusomwa kwa Mara ya Kwanza, na katika hatua hiyo hakuna kinachopitishwa. Kinachosomwa ni jina la muswada tu, bila mjadala, kisha Spika huupeleka kwenye Kamati ya Kudumu inayohusika. Mwambie Mzee asiuze ng'ombe kwa hofu, ingawa jinsi ninavyomjua, huenda ameshampata mnunuzi.

Huko kwenye kamati ndiko mnakotakiwa kuelekeza nguvu zenu zote. Kamati hualika wadau watoe maoni, na kwa kuwa wabunge wanakuwa wachache, kila mmoja akiwa na nakala ya muswada mbele yake, mfugaji anaweza kuulizwa swali na akalijibu papo hapo, jambo ambalo halitawezekana tena muswada ukishafika ukumbini. Msiende na barua ya kusema mnaupinga muswada, maana hiyo haimsaidii mtu. Andikeni ni ibara ipi, inawaumiza vipi, na mnataka isomeke namna gani. Anzeni na kurasa za mwisho, penye Madhumuni na Sababu, panapoelezwa kwa nini muswada umeletwa, ndipo mrudi kwenye ile ibara ya minada. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu, kwa hiyo Katibu wa chama chenu asituambie tena kwamba anamsubiri mwanasheria.

Mkichelewa, mtaukuta uko kwenye Kusomwa kwa Mara ya Pili. Hapo Waziri hutoa maelezo, Kamati husoma taarifa yake, wabunge huchangia, kisha Bunge hukaa kama Kamati ya Bunge Zima na kuupitia ibara kwa ibara. Mbunge anayetaka kubadilisha neno lazima awe amewasilisha jedwali la marekebisho kwa maandishi. Ibara zisizo na jedwali hupita kwa sauti za "ndiyo" upesi kiasi kwamba siku niliyokaa jukwaa la wageni na Mwalimu Sekela, tulikuwa bado tunafungua ukurasa wakati wao wameshasonga ibara tatu mbele. Kusomwa kwa Mara ya Tatu, ambako Bunge huupitisha muswada, hufuata mara moja.

Unauliza kama Rais anaweza kuukataa. Anaweza, ibara ya 97 ya Katiba inamruhusu kuurudisha pamoja na sababu zake, na hauwezi kupelekwa kwake tena kabla ya miezi sita isipokuwa uungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Lakini kupanga kazi yenu kwa kutegemea hilo ni kujidanganya. Bora kamati.

Wala usiamini wanaosema muswada ukishaingia bungeni hauzuiliki. Ule wa bima ya afya kwa wote ulisomwa mara ya kwanza mwaka 2022, ukaahirishwa, ukaja kupitishwa Novemba 2023. Ninachokiogopa ni hati ya dharura, inayofanya muswada uharakishwe, kama ile ya miswada ya maliasili ya mwaka 2017, iliyomaliza safari yake kwa siku chache. Huu wetu hauna hati hiyo, na ndiyo sababu ninakuhimiza wakati nafasi ipo.

Sasa nijibu haya bila kuzunguka. Chama chenu kimekutana, au bado mnabishana kuhusu posho ya kikao? Nani ana nakala kamili ya muswada, si picha za simu zilizokatwa pembeni? Mbunge wenu ameambiwa kuhusu ibara ya minada, na alijibu nini? Mwalimu Sekela amekubali kuwaandikia maoni? Na mkiitwa kwenye kamati, mtakuja wangapi, ili nijue magodoro ya kuazima?

Wako,
Mama Neema