Picha zilizo ndani ya msimbo zisifutwe

Mhariri,

Mpwa wangu hapa Langoni, Lamu, alikaribia kufuta faili ya zamani ya tovuti ya nyumba yetu ya wageni, akidhani lile rundo la herufi ni takataka (nami nusura nimwunge mkono), kumbe zilikuwa picha za milango yetu ya nakshi. Picha hizo zimeandikwa kwa base64, yaani njia ya kuandika picha kwa herufi za kawaida: mfululizo wa herufi unaoanza na iVBORw0KGgo ni picha ya aina ya PNG, na unaoanza na /9j/ ni JPEG. Ukiondoa alama za nukuu na yote yaliyotangulia mkato, amri ya kompyuta base64 -d huirudisha picha bila kupungua ubora. Hata hivyo, kwa kuwa kila baiti 3 huandikwa kwa herufi 4, faili huvimba kwa theluthi, na bando zetu twazijua. Mafundi watuhifadhie picha asili kando.

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu